Makaa ya Télesphore

Mwaka kinanda kilipowasili kutoka Ufaransa,
mabomba yake elfu nne yamefungwa kwenye majani makavu kama mayai,
nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu moja tu:
kubeba chetezo
bila kumgonga Kanoni Beauchemin magotini.

Kanisa letu la Mtakatifu Ludivina lilikuwa refu kupita haja.
Ukisimama juu ya Mto Laurenti ulioganda
uliiona minara kwanza,
kisha mji,
kisha njaa ya mji.

Bibi Lalonde alikuwa na benchi lake,
na benchini kibao cha shaba chenye jina lake,
kilichosuguliwa kila Ijumaa,
kana kwamba Mungu husahau watu ila anasoma shaba.

Siku ya kukibariki kinanda
mate yaliganda kabla hayajagusa ardhi.
Askofu alikuwa mlangoni tayari, kofia yake ndefu, pete yake,
wanaume wanne wakimshikia joho lisiburute thelujini.
"Makaa," Kanoni akaninong'oneza. "Upesi."
Nikashuka ngazi arobaini na moja.

Kule chini hapakuwa na dhahabu.
Palikuwa na tanuri limeachama,
na Télesphore Arsenault, shati limegandana na mgongo,
kidole gumba kimoja alikiacha zamani kwenye msumeno wa kiwanda.
Alitupa gogo, akataja jina.
Gogo jingine, jina jingine.
"Adélard, anayekohoa damu.
Mjane Pinette na deni lake la dukani.
Yule binti aliyeondoka usiku,
sikumjua jina, Wewe unalijua."

Nikamwuliza, unasema na nani?
Akashtuka kama mtu aliyefumaniwa akiiba.
"Nahesabu magogo," akasema,
akachota makaa kwa koleo, akayaweka chetezoni
taratibu, kama anayelaza kitoto.

Juu, ubani ukapanda. Kinanda kikanguruma
hata watakatifu wa vioo wakatetemeka ndani ya rangi zao.
Kanoni akahubiri: ni ukarimu wenu, wapendwa,
unaoipasha joto nyumba hii.
Bibi Lalonde akainamisha kichwa, akaipokea sifa.
Mimi nilisimama juu ya wavu wa chuma sakafuni.
Joto lilipanda kwa nyayo zangu,
nami nikawaza: huyu ni Adélard,
huyu ni mjane,
huyu sikumjua jina.

Télesphore alikufa wakati wa Kwaresima,
akazikwa Jumanne, bila kinanda.
Husema chema chajiuza.
Chake hakikuuzwa, hakikununuliwa,
watu walikivaa tu miilini wakaenda nacho nyumbani.

Leo nina miaka sabini na minane.
Kanisa limeuzwa. Vijana wanapanda kuta zake kwa kamba,
wanacheka, wanaanguka kwenye magodoro
pale palipokuwa na altare. Sina ugomvi nao.
Ugomvi wangu ni na mimi.

Maana nami nimejenga.
Sala zangu zina minara.
Nina sauti nzito ya rozari, ya kuwafanya watu wageuke,
na nilipotoa fedha za paa la hospitali
niliuliza, kwa unyenyekevu mkubwa,
kibao kitawekwa wapi.

Usiku, wote wakilala, hushuka ngazi zangu za ndani
nikakuta vumbi,
majivu ya mwaka gani sijui,
na tanuri baridi kama mkono wa maiti.
Miaka yote hiyo nilitikisa chetezo
chenye makaa ya mtu mwingine.

Jana nilishuka tena.
Nilikuwa na kijiti kimoja, kibichi,
na jina moja, la ndugu yangu
ambaye sijasema naye tangu mazishi ya mama.
Kiliwaka vibaya. Moshi mtupu.
Macho yaliniwasha hadi alfajiri.