Mwimo wa Mlango

Tulipohamia nyumba hii ya mawe meusi, Halifax,
juu ya kilima ambacho hata basi hukipanda likihema,
mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi kila kitu
isipokuwa mwimo wa mlango wa jikoni.
Pale pana mistari ya penseli, majina, tarehe:
Craig, miaka minne. Craig, mitano.
Janine, ambaye mwaka themanini na sita
alimpita kaka yake kwa upana wa kidole,
na mtu akaweka alama ya mshangao.

Sikuwajua. Lakini siku Nasibu alipotimiza sita
nilimvua viatu, nikamsimamisha,
nikalaza daftari juu ya utosi wake,
nikachora.
Alikuwa chini ya Craig wa miaka mitano.

Basi nikaanza.
Nikamwongezea yai. Nikamwongezea uji wa ulezi,
unga wenyewe watoka Leeds kwa bei ya kuua.
Nikawa nampima kila Ijumaa
kama muuza duka asiyeiamini mizani yake.
Mtoto akawa anapita jikoni amenyoosha shingo,
hata akienda kunywa maji tu.

"Vidole havilingani," alisema baba yake, Shekue,
akiniinulia mkono uliotoka zamu ya usiku.
Nikamjibu: sawa,
lakini pete hakuna anayeivika kidole gumba.

Tena kulikuwa na Mwanakombo wa Huddersfield,
ambaye mwanawe amehitimu Juzuu Amma,
anaogelea, anapiga kinanda,
na, hili alilisema akimenya ndizi, bila kunitazama,
hajapata kulalamikiwa na mwalimu hata siku moja.
Nilirudi kwa treni
nimejaa kama gunia la mkaa lililoshonwa vibaya.
Usiku ule nilimwambia Nasibu, mgongoni kwake, neno
ambalo silirudii hapa.
Hakugeuka. Nikadhani ni jeuri.

Ikaja Juni, ile wiki yetu moja ya jua.
Gari la aiskrimu likapanda mtaani
likilia vikengele vyake vya bandia.
Nilikuwa dirishani, naosha vikombe, nalinganisha,
maana maradhi haya hayana likizo:
yule wa Kipolandi ameshafika kona,
mapacha wa nyumba namba tisa wanagombea kandambili,
na wangu ameinamia sisimizi.
Aliinuka alipowaona wenziwe wanakimbia.
Si alipozisikia kengele.
Alipowaona.

Nikafunga bomba.
Nikatoka, nikasimama nyuma yake hatua tatu,
nikamwita kwa jina, polepole,
kisha kwa nguvu,
kisha kwa lile neno.
Akaendelea kulamba aiskrimu yake.

Sasa ana vidude viwili vya buluu nyuma ya masikio,
rangi aliichagua mwenyewe.
Daktari alitufunulia karatasi:
hapa husikia watoto wengi, hapa husikia yeye.
Mstari juu, mstari chini, kama jikoni kwangu,
nami nikautazama ule wa juu, ule wa wana wa watu,
nikaushukuru kimoyomoyo.
Bila wao ningeendelea kumwita mtukutu.

Msiniulize basi kama ni dawa au sumu.
Ninachojua, mwimo niliutazama miezi minane,
dirisha mara moja.

Jana Nasibu alisema, "Mama, ngazi inalia."
Imelia miaka yote hiyo, mwanangu.
Kisha akaburuta kiti, akashika penseli,
akaniamuru nisimame wima, visigino ukutani.
Akachora. Akaandika jina langu, herufi moja imegeuka.
Kule juu hakuna Craig, hakuna Janine,
hakuna aliyewahi kufika.
Nikaona furaha.
Astaghfirullah, kidogo tu, lakini nikaiona.