Debe la Pumba, Witu

Kiangazi hiki mbawala wamekonda, wamebaki macho.
Nikatundika debe la pumba nyuma ya choo,
usawa wa pua ya mbawala.

Usiku wa kwanza akapanda fungo,
akala, akanya humo humo.
Nguzo nikaivika bati, bati nikalipaka grisi,
nikamsikia akiparura, akiteleza,
akilalama kama kibarua aliyepunjwa.

Kisha wakaja wale.
Jirani yangu Shekuwe hawataji kwa jina;
husema "wenye pua," akatema mate.
Waling'oa nguzo kama muhogo.

Basi nikasuka ua wa fito, kimo cha kiuno:
nguruwe haruki, mbawala huruka.
Ndiyo hesabu niliyopiga.
Shekuwe akacheka: "Na mbawala umemwambia?"

Siku nne, pumba zikavunda.
Ya tano, alfajiri, natoka na birika nikatawadhe,
huyo hapo,
mguu mmoja juu, masikio yakiuliza,
nje ya ua,
akiokota zile nilizomwagia kuku jana.

Sikupumua.
Birika ikaniinamia mkononi,
maji yakanilowesha miguu yote miwili,
naye akatafuna.