Talaka ya Pakiti

Wete, nyuma ya soko, ghala la zamani la karafuu:
harufu haijahama, imekaa kwenye mbao
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Humo Salha Mbarouk aliweka mtambo wake,
pipa la chuma, mpira wa maji moto,
na kisanduku chenye jicho jekundu.

Mie nimeokota chupa miaka tisa.
Chupa ina bei. Kopo lina bei.
Boksi likikauka, lina bei.
Lakini pakiti ya biskuti, ile inayong'aa ndani kama fedha,
pakiti ya juisi, kifuko cha sabuni ya unga,
Faki huzirusha nje ya mzani:
"Bi Time, hii si plastiki, si bati, si karatasi.
Ni vyote. Na kilicho vyote si kitu."

Basi tulizichoma.
Kuku wakadonoa majivu yenye vimetameta.

Salha alichana moja kwa ukucha, akanionyesha:
"Tazama, matabaka."
Nikatazama, nikaona ngozi moja tu.
Plastiki ya kuzuia maji, alumini ya kuzuia hewa,
karatasi ili isimame,
na baina yao gundi,
gundi ya watu waliooana bila kuulizwa.
Nilicheka. Nami niliozwa hivyo,
Mzambarauni, mwaka wa mvua nyingi.

Siku ya kwanza mtambo ulikataa.
Tulitoa bonge la kijivu, zito, linanuka,
kama ubwabwa ulioungulia chunguni.
Siku ya tatu, bonge jingine.
Siku ya nne umeme ukakatika,
tukakaa gizani tukila mhogo na papa
hadi Salha akasema, mdomo umejaa:
"Moto ulikuwa mkali. Ukiiharakisha, gundi inashikilia."
Nikamwambia hilo hata kadhi analijua.

Nyuzi sabini. Dawa kidogo. Saa mbili na nusu, bila pupa.
Nikafunua mfuniko.
Alumini huku, nyepesi kuliko ganda la kitunguu.
Plastiki kule, haina rangi, haina tena jina la kiwanda.
Karatasi chini, imelegea kama uji wa mtoto.
Hakuna aliyechanika.
Kila mmoja katoka na alichokuja nacho.

Mie sikutoka hivyo.
Nilitoka na mkeka mmoja na homa.

Siku hizi jicho jekundu linakagua mkandani,
linajua pakiti ina nini kabla sijaigusa.
Hukosea pia. Jana nilipitisha mkono wenye hina,
likaniita karatasi.

Faki kaja na mzani wake, anauliza bei ya alumini.
Nimemwambia aketi, magunia arobaini bado.
Mlangoni mtoto wa jirani anamaliza krispi.
Ananinyooshea pakiti,
halafu anairudisha:
pembeni kumebaki chumvi.