Ndoo Saba

Paa linavuja mahali saba. Nimehesabu.
Ndoo ya kwanza iko chini ya saa ya ukutani,
ya pili juu ya piano, na piano, maskini,
tangu Oktoba imepoteza sauti ya re.
Ya saba si ndoo, ni sufuria ya Morfydd,
na Jumatano, ikiitwa jikoni kupika supu,
sakafu hunywa yenyewe.

Humu zamani walikoga wachimba makaa.
Kwangua rangi kidogo karibu na mlango,
kidole kitatoka cheusi.
Mgodi ulizibwa, bonde likanyamaza,
sasa wajukuu wao huingia na mifuko mitupu
kuulizia mkate, soksi,
au mtu wa kuwasomea barua ya deni
iliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Fundi alikuja na ngazi. Akapanda, akashuka,
akaandika tarakimu, akakunja karatasi mara mbili
kama daktari mwenye habari mbaya.
Tuliposoma, Morfydd alicheka hadi akakaa chini.
Kanisa letu la kilimani lina waumini kumi na tisa,
wawili hawasikii,
na benki tulikuwa na pauni mia tatu na kumi.

Kule chini, ng'ambo ya reli, wako Wakatoliki.
Hatukuwa tukisemezana.
Ugomvi ulikuwa wa ukuta wa makaburi,
nani alisogeza jiwe, mwaka gani, usiku au mchana,
kinyongo tulichorithishana kama saa ya mfukoni:
haitembei, na hakuna wa kuitupa.

Nikatumwa mimi. Mdogo ndiye hutumwa,
na mdogo wao nina miaka sitini na mmoja.
Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima,
ya heshima, yenye aya mbili za Maandiko.
Padre Fintan alifungua mlango
akiwa na ndoo mkononi.
Tukatazamana.
"Na kwenu?" akasema.
Maneno yangu yote yakaniponyoka.

Hivyo ndivyo tulivyoanza.
Assunta wa duka la aiskrimu akaoka keki za limau,
sisi tukatembea kuzunguka mlima kwa ahadi za senti,
kwaya mbili zikaimba jioni moja, kila moja kwa mwendo wake,
zikakutana kwenye Amina.
Blanketi la viraka likapigwa bahati nasibu,
aliyeshinda akalirudisha. Likapigwa tena.
Wakashinda wao.
Tukanuna siku mbili, kisha ikapita.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini hata tone ni haba,
na usiku wa mvua nilisikia vikijaa vyote viwili,
mkebe wa michango na ndoo ya ukumbini,
nisijue kipi kitatangulia.

Kisha akaja Gethin, yule wa barua nyekundu,
ameshika soksi iliyofungwa fundo.
Pauni nne na senti thelathini na nane.
Elwyn, mweka hazina, akaisukuma mezani irudi:
"Hii ni yako, kijana. Utakula nini?"
Gethin hakuishika.
"Ninayelowa humu ni mimi," alisema.
"Acha nilipie tone langu."
Elwyn akafungua daftari, akaandika jina lake
baada ya kiwanda cha matofali, kabla ya benki,
kwa mwandiko uleule.

Mafundi wamemaliza Ijumaa.
Fedha zimetosha matundu matano.
Piano bado inalowa, tumeihamishia kwa Assunta,
na watoto wanaifinya kwa vidole vyenye aiskrimu.
Sufuria imerudi jikoni moja kwa moja.
Jana ilinyesha usiku kucha. Nilikaa gizani, funguo mapajani,
nikisikiliza mahali pasipo sauti
mpaka usingizi ukanichukua juu ya kiti.

Kesho Jumamosi tunavuka reli,
mimi, Morfydd na Gethin mbele,
tumebeba ndoo nne zilizobaki bila kazi.
Kwa Padre Fintan, wanasema,
panavuja mahali tisa.