Anasemaje?

"Mungu hasinzii!" ananguruma Mchungaji Kyaruzi,
wiki ya pili toka Bukoba, makoti mawili mwilini.
Lwaboshi anaitafsiri radi iwe manyunyu:
waumini ni tisa tu hapa Dundee,
na wote anawajua.

Mlangoni Bi Morag anamshika mchungaji mkono,
ananong'ona, haachii.
"Anasemaje?"
"Anashukuru."

Hakushukuru.
Alisema: mwanangu alisinzia kwenye usukani,
barabara ya Aberdeen, alfajiri.
Huyo asiyesinzia alikuwa akitazama nini?

Usiku, mvua ya mawe juu ya Mto Tay.
Mchungaji anakoroma kiti cha nyuma, Biblia kifuani.
Lwaboshi ameshusha kioo, baridi imuume macho.
Swali la mama yule lingali chini ya ulimi.
Bado maili kumi na moja.