Pingili Tisini na Tisa

Mnyororo ninaofungia lango la ng'ombe hapa Kajulu
uliwahi kupima ufalme.
Si mzaha. Ni chuma kizito cha zamani,
chenye vibati vya shaba kila baada ya pingili kumi,
na babu yangu Agutu alishika ncha moja
mwaka reli ilipotia pua majini, Kisumu.
Ncha ya pili aliishika Gulbaz,
Mpathani mwenye ndevu nyekundu za hina,
aliyekohoa kila alipokaribia ukweli.

"Mfalme yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha relini,
"iko na nyumba moja, mlango mbili.
Mlango ya juu, Mrusi nagonga.
Mlango ya chini, Mwingereza nagonga.
Yote nasema: sisi hapana taka nyumba.
Sisi nataka ile mwingine isiingie."

Babu akauliza ambalo mtu yeyote wa Kano angeuliza:
huyo Amiri hakuwa na mkuki?
Alikuwa nao. Alikuwa na bunduki pia, za Mwingereza,
na rupia za Mwingereza, kwa malaki, kila mwaka,
na kwa kila laki neno moja asiloruhusiwa kutamka nje.
Chungu hakikai juu ya mafiga mawili,
basi Amiri akajifanya figa la tatu:
akaungua upande mmoja,
akapigwa baridi upande wa pili,
na chakula cha wengine kikaiva.

Usiniletee ile ya fahali wawili na nyasi.
Fahali hawa hawakupigana.
Walikuja na meza za kukunja, wakakaribishana chai,
wakainama juu ya ramani kama madaktari,
na Gulbaz akatumwa na mnyororo
apite katikati ya kisima na mbuzi.
Kisima kikawa cha Amiri,
mbuzi wakawa wa Mrusi.
Mbuzi hawakuambiwa.
Nyasi ziliumia kwa adabu.

Babu alidhani ni hadithi ya mbali,
ya watu wanaokula theluji,
hadi usiku mmoja alipolala Uganda
akaamka kwingine,
kwenye ngozi ileile, karibu na jivu lilelile.
Mstari umesogezwa, alisema karani.
Nani kausogeza? London.
"Na Mrusi wetu sisi ni nani?" babu akamuuliza Gulbaz.
Gulbaz akakohoa,
akaelekeza kidevu kusini, kwa Mjerumani,
kisha akakunja mnyororo bila neno.

Siku ya kuondoka alimwachia babu chuma hicho
na akamwambia ahesabu.
Mia, alijibu babu, zimekuwa mia siku zote.
"Wewe hesabu."

Tisini na tisa.

Moja aliing'oa kule, akaizika kando ya kile kisima.
Kwa nini? Babu hakupata kujua.
Huenda kwa hasira, huenda kwa ajili ya mbuzi,
au ilikatika tu na mtu akaogopa kukatwa mshahara.
Ninachojua ni hiki, mimi niliyekula miaka thelathini
katika ofisi ya ardhi, nikigonga mihuri:
mashamba waliyoyapima kuanzia Kibos
hayajawahi kukutana sawasawa na karatasi zake.

Jana ndugu zangu walikuja.
Obuya alikaa kulia kwangu, Midigo kushoto,
wote wakisema hawalitaki shamba la mama,
wanachotaka ni yule mwingine asilipate.
Nikawapikia chai. Nikawasikiliza.
Halafu Midigo akasimama,
akafungua lango, akauvuta mnyororo hadi kwenye mparachichi,
na Obuya akashika ncha ya pili bila kuombwa.

Nikawaacha wapime.
Ng'ombe walikuwa wameshatoka.