Skrubu ya Tano

Ilianza kwa kikohozi, saa nane za usiku,
juu ya kabati, pale kisanduku cha diski
hukaa kama mgeni aliyekataa chai.
Nikadhani panya. Nikapiga ubao kwa kiatu,
kikanyamaza kidogo, kikaanza tena.

Joto: nyuzi hamsini na tisa.

Humo nimeweka harusi zote nilizopiga,
Bugembe hadi Buwenge,
maharusi mia tatu na ushei.
Wengine wameachana, wengine hawasalimiani sokoni,
ila mle bado wanalishana keki.
Yumo na Mama, sekunde kumi na moja,
ananifukuza jikoni kwa mwiko:
"Ondoa hiyo kamera!"
Sina picha yake nyingine inayosema.

Nikazima. Skrubu nne zinaonekana,
ya tano imejificha chini ya karatasi ya dhamana
iliyokwisha muda zamani.
Feni ikatoka na mabawa mazito:
vumbi jekundu la Walukuba,
na sami wa ziwani, mamia, wamekauka,
wale wanaopanda kutoka Masese kama moshi.
Waliona kitaa cha buluu, wakakifuata.
Nikawakwangua kwa mswaki.
Vidole vikanuka samaki hadi jioni.

Isiko fundi ana ndoo ya feni
alizozichomoa kwenye kompyuta zilizokufa.
Huzipuliza kwa mdomo moja moja, sikio karibu.
"Hii ina miaka miwili. Hii ni kelele tu."
Elfu kumi na tano. Nikampa kumi na mbili.
"Waya wa njano usiukate," akasema,
"huo ndio unaopeleka habari.
Bila huo feni itazunguka, na mashine itaapa imesimama.
Na mshale utazame nje. Ukigeuza, utazipika diski."

Nikageuza.
Bila shaka nikageuza. Nikafungua tena,
tochi ya simu mdomoni, mate yakidondoka,
mke wangu mlangoni akiuliza
kama hicho ni kitu cha kufanywa na mtu mzima.

Sasa inazunguka, hata siisikii.
Ndiyo maana naamka usiku, naweka kiganja nyuma yake:
pumzi ya uvuguvugu, inatoka, inatoka.
Nimefungua ile ya Mama, kupima tu.
Mwiko ukapaa.

Nyuzi thelathini na nane.
Skrubu ya tano sijairudisha.
Sijui iko wapi.